Tulivyopewa C Mbele ya Ulaya

Watu wa mtaani kwetu wakisikia nimeishi London miaka mingi, swali lao la kwanza ni kama nilikuwa naosha wazee au naosha vyombo. Nakasirika, na sifichi. Kazi hizo si aibu. Mimi mwenyewe nilipofika, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilifagia maofisi. Kinachoniudhi ni ule uhakika wao kwamba mtu wa kwetu akishavuka bahari hana pengine pa kuishia ila kwenye ndoo.

Basi wasikie. Nilikuwa ofisa katika mamlaka iliyosimamia usalama wa vinu vya nyuklia vya Uingereza. Nina diploma ya uhandisi wa umeme. Niliisomea jioni katika chuo cha kusini mwa London, nikitoka kazini mikono inanuka dawa ya choo, nikaketi darasa moja na vijana waliozaliwa pale pale, nikawaacha nyuma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna msikiti wala kanisa lililonichangia. Nyumba ninayokaa leo hapa Tanga nimeijenga kwa kichwa changu, na anayetaka kuiona diploma yenyewe aje, iko ukutani sebuleni.

Lakini hasira ninayotaka kuieleza hapa si ya watu wa mtaani. Ni ya kikao.

Nieleze kwanza kazi ilivyokuwa, maana hata waliosoma huichanganya. Mdhibiti hauzi umeme wala haendeshi kinu. Yeye husimama upande wa pili wa meza na kumuuliza mwenye kinu: siku mambo yakiharibika, umejiandaaje? Jibu lisiporidhisha, ana mamlaka ya kusema zima. Kila nchi ya Ulaya ilikuwa na mdhibiti wake, na kila mmoja alijiona ndiye bora. Taabu ni kwamba kinu kikiharibika kwa jirani, mvua inakunyeshea wewe. Baada ya ile ajali ya kinu kule Ukraine, kondoo wa milima ya Wales, mbali kule, waliendelea kwa miaka mingi kupimwa mionzi kabla ya kuuzwa. Niliwahi kukutana na mfugaji mmoja wa huko, akaniuliza mlikuwa wapi. Mimi wakati ule nilikuwa shuleni Tanga.

Kwa hiyo wadhibiti wa nchi za Ulaya wakaamua kukutana. Hapakuwa na mkubwa juu yao, hapakuwa na polisi wa nyuklia wa Ulaya nzima. Walichokuwa nacho ni makubaliano. Wangeandika pamoja masharti ya msingi ya usalama, kisha kila nchi ingejipima kwa masharti hayo, na majirani wangeihoji mpaka waridhike. Alama zilikuwa tatu. A ni kwamba sharti umelitimiza. B ni kwamba unafanya tofauti lakini una sababu ya kueleweka. C ni kwamba huna, na unapaswa kujirekebisha. Na kila sharti lilipewa alama mara mbili: moja kwa kile ambacho mdhibiti amekiandika kuwa ni lazima, nyingine kwa kile kinachofanyika ndani ya vinu.

Ni utaratibu mzuri. Nasema hivyo hadi leo. Ila unategemea kitu kimoja tu, kwamba jirani atauliza.

Kwenye vikao hivyo kila nchi ilikuwa na viti viwili mezani: kimoja cha kiongozi wa ujumbe, cha pili cha mtaalamu wa mada ya siku hiyo. Wengine tuliketi nyuma, migongo ukutani, na mtu wa nyuma hasemi. Anaandika kikaratasi, anakipitisha mbele, na wa mbele akitaka anakisoma, asipotaka anawekea kikombe chake cha chai. Niliketi nyuma miaka kadhaa. Vikaratasi vyangu vingi viliwekewa vikombe.

Mada yangu ilikuwa umeme wa dharura. Kinu hata kikizimwa kinaendelea kuwa cha moto ndani, na kinahitaji maji ya kupoza, na pampu za maji zinahitaji umeme. Umeme wa gridi ukikatika, zinawaka jenereta za dizeli. Jenereta zisipowaka, omba Mungu. Nilizijua jenereta zile. Nimesimama kando yake zikijaribiwa kwa mzigo kamili, yaani zikitoa umeme wote ziwezao kutoa, hadi masikio yakaziba. Hakuna mtu katika ofisi ile, mwenye digrii au mwenye digrii mbili, aliyeijua mada ile kunishinda, na wao walilijua hilo. Ndiyo maana mkuu wangu wa kitengo, ambaye ndiye aliyeongoza ujumbe wetu, kikao kilipopangwa kufanyika London na mada ikawa umeme wa dharura, aliniahidi kiti cha pili.

Nilikitaka kiti kile. Sitajifanya. Watu wa rangi yangu niliowahi kuwaona karibu na meza ile walikuwa wakibeba trei. Nilinunua suti mpya Lewisham, ya kijivu, na mshonaji akaipunguza mabegani.

Nikakaa kuandika alama za nchi yetu. Kwenye majaribio ya jenereta kwa mzigo kamili, upande wa vinu niliandika A, kwa sababu wanafanya, nimeona kwa macho. Upande wa maandishi ya mdhibiti niliandika C. Hatukuwa tumeandika popote kwamba ni lazima. Wenye vinu walikuwa wakifanya kwa taratibu zao wenyewe.

Mkuu wangu akaniita. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole ule ulinichosha kuliko makelele.

"Umetupa C," akasema.

"Kwenye maandishi, ndiyo."

"Lakini majaribio yanafanyika."

"Yanafanyika kwa sababu wanapenda wenyewe. Sisi tumewaambia wapi kwamba ni lazima?"

"Hatufanyi kazi hivyo hapa. Hatuandiki kila kitu kama wenzetu wa Ulaya Bara. Tunamwambia mwenye kinu atuthibitishie kuwa yuko salama, naye anatuthibitishia."

"Vinu vinauzwa," nikamwambia. "Leo mwenye kinu ni huyu, kesho ni mwingine. Yule wa kesho akitaka kubana matumizi, ataanza na lile ambalo hakuna aliyemwandikia."

Akatabasamu. "Rafiki yangu," akasema. Alikuwa akiniita rafiki kila alipotaka kuninyang'anya kitu. "Safari hii sisi ndio wenyeji. Hatuwezi kujivua nguo mbele ya wageni. Weka A, tumalize. Halafu tuonane mezani, kiti chako kiko palepale."

Nilitoka, nikapanda basi hadi Peckham, mtaa niliokuwa nikikaa, nikiwa nimefura.

Peckham ndiko nilikojifunzia Kifaransa. Ripoti za majirani wa Bara zilikuwa zikija kwa Kifaransa, na ofisi yetu ilisubiri wafasiri wiki hadi wiki, nami si mtu wa kusubiri. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alikuwa mama Mkongomani kutoka Bukavu. Kwao alikuwa mwalimu wa sekondari. London wakampa mopu hospitalini, na hilo nalo lilinikasirisha kwa niaba yake, ingawa yeye mwenyewe alilicheka. Jumamosi alisuka nywele katika saluni moja ya barabarani. Mimi nilikaa kwenye benchi lake, namsomea kwa sauti ripoti za usalama wa nyuklia kwa Kifaransa, yeye anasuka na kunisahihisha bila kugeuza shingo.

"Rudia," alikuwa akisema. "Unasoma kama mutu anatafuna mifupa."

"Mama, hilo neno gumu."

"Haiko nguvu. Ni mudomo yako iko na kiburi. Batu ba Tanzania munataka dunia yote iseme Kiswahili yenu ya redio."

"Huyu kaka anasoma nini?" mteja mmoja aliwahi kuuliza, kichwa kikiwa nusu kimesukwa. "Neno la Mungu?"

"Anasoma mambo ya mashini."

"Mashini ya nini?"

"Ya kuzuia bazungu basilipuke."

Saluni nzima ikaangua kicheko. "Kaka," yule mteja akaniambia, "uliza kama hiyo mashini inaweza kunikaushia nywele."

Jumamosi iliyofuata, nikiwa bado nimefura, nilimsimulia mama habari ya A na C, na ya kiti. Alifunga mstari aliokuwa akiusuka, akaniuliza.

"Weye unataka kiti, ao unataka C?"

"Nataka vyote viwili. Vyote nimevifanyia kazi."

"Eh! Hata Raisi yetu hakupata vyote, na alikuwa na askari." Akanikazia macho kwenye kioo. "Suti umeshanunua?"

"Nimeshanunua."

"Basi utaivaa kanisani."

"Mimi Mwislamu, mama."

"Utaivaa fasi yoyote, lakini pale mezani hapana. Weye hautaandika ile A. Ninakujua. Utakufa na kiburi yako."

Jumatatu nilirudisha kazi yangu kwa mkuu ikiwa na C ileile. Hakugombana nami. Alichukua kalamu yake, akaandika A mwenyewe mbele ya macho yangu. Kiti cha pili akampa mtu wa kitengo cha habari, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na magazeti, na ambaye jenereta alikuwa akiisikia tu. Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi:

"Wewe una Kifaransa. Utawashughulikia wageni. Waonyeshe chai iko wapi, waeleze treni, na wakikwama lugha uwasaidie."

Nimesoma. Nina diploma. Na ndivyo nilivyoambiwa, nikaonyeshe watu birika.

Siku ya kikao nilivaa ile suti. Niliwapokea wageni mlangoni, nikawaonyesha chai, nikaketi nyuma. Mada yetu ilifika kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wangu alisoma alama zetu haraka haraka, A, A, A, na ile A aliyoiandika kwa mkono wake aliisoma kwa sauti ileile. Ilionyeshwa kwenye ukuta mweupe, kubwa, kila mtu akiiona. Mwenyekiti akaanza kuzunguka meza kama desturi ilivyo, nchi moja moja, upande wa kushoto kwenda kulia.

"Hatuna swali," ikasema nchi ya kwanza.

"Hatuna swali. Tunawashukuru wenyeji kwa mapokezi."

"Hatuna swali."

Nilikuwa nikiwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wakaguzi, watu wazima, waliotumia maisha yao kuwauliza wenye vinu maswali magumu. Walijua Uingereza haiandiki masharti ya namna ile. Ni jambo linalojulikana Ulaya nzima. Lakini kila mmoja alikuwa na C yake mahali fulani iliyopakwa rangi ikawa A, na zamu yake ya kuhojiwa ilikuwa njiani. Leo nikuache, kesho uniache. Walikunywa chai niliyowaonyesha, wakatikisa vichwa kwa adabu. Na huko Wales mtu anasubiri kipimo ili ajue kama anaweza kuuza kondoo wake! Nilishika magoti yangu kwa mikono miwili ili nisisimame. Mimi nililelewa kwa adabu, najua ilivyo, na ile haikuwa adabu. Ilikuwa kufichana.

Zamu ikafika kwa mama mmoja, mkaguzi kutoka nchi ya Bara inayozungumza Kifaransa, mtu mfupi mwenye miwani minene. Yeye hakusema hana swali. Alianza kwa Kiingereza, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya kikao, akasema anataka kujua habari ya majaribio, ya mzigo kamili, ya, ya... Akakwama. Akajaribu tena, akakwama palepale, uso ukamwiva. Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani.

"Kwa hiyo, kwa ujumla, hakuna swali?" akauliza kwa upole.

Mkuu wangu alikuwa ameshaanza kufunga jalada lake.

Hapo nikasimama. Sikuvunja desturi yoyote, na hilo nataka lieleweke. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuwasaidia wageni wakikwama lugha, na huyu alikuwa mgeni, na alikuwa amekwama. Nilibeba kiti changu, nikaizunguka meza yote huku viatu vyangu vikisikika, nikakaa nyuma ya bega lake.

"Sema kwa Kifaransa, madamu," nikamwambia. "Nitafikisha."

Akageuka, akanitazama, kisha akaachia. Alizungumza kama mtu aliyefunguliwa mlango. Alipomaliza nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi ukuta wa nyuma: "Mjumbe anauliza, sharti la kujaribu jenereta kwa mzigo kamili mdhibiti ameliandika wapi?"

Mkuu wangu akanitazama mimi, hakumtazama yeye. "Majaribio hayo hufanyika katika kila kinu, bila kukosa."

Nikamfasiria. Akajibu kwa ufupi.

"Anasema hakuuliza kama yanafanyika."

Watu wawili watatu wakacheka, wakajikohoza.

"Ni sehemu ya utamaduni wetu wa usalama," mkuu akasema.

Nikafasiri, neno kwa neno. Mama akavua miwani, akaifuta.

"Anasema utamaduni wenu ameupenda. Anaomba ukurasa."

Mtu wa kitengo cha habari alianza kupekua karatasi, masikini, akitafuta kitu ambacho hata angekiona asingekijua. Ndipo mjumbe wa nchi moja ya kaskazini, aliyekuwa ameshasema hana swali, akabonyeza kitufe cha mikrofoni yake akasema sasa analo: naye angependa kujua ukurasa. Kisha mwingine. Kumbe swali walikuwa nalo wote, walikuwa wakisubiri mtu wa kulaumiwa kwa kulianzisha. Hilo nalo sijawasamehe.

Mkuu akasema hatimaye kwamba ukurasa haupo. Kwenye ukuta ile A ikafutwa, ikaandikwa C.

Alinipata kwenye korido, wengine wakienda kula.

"Ulifasiri zaidi ya kilichosemwa."

"Sikuongeza neno. Muulize mwenyewe."

"Kulikuwa na namna ya kulainisha."

"Ulinipa kazi ya lugha. Hukunipa kazi ya kulainisha."

"Rafiki yangu..."

"Mimi si rafiki yako," nikasema. "Mimi ni ofisa wako wa umeme wa dharura, na uliniweka kwenye chai."

Aliondoka kuwafuata wengine. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakunipa kazi ya maana. Lakini C katika kundi lile haiachwi ikaning'inia. Nchi ikipewa C inalazimika kurudi na sharti lililoandikwa, na anayelieleza ni yule aliyeliandika, kwa sababu majirani watamhoji kila neno. Mkuu alizunguka ofisi nzima akitafuta wa kuliandika. Aliwapa wawili, wote wakamrudishia. Akaniletea mimi, akaliweka mezani kwangu bila hata kunisalimia. Nikaliandika. Sharti lile ni langu, kila mstari, na atakayekuja kukinunua kinu chochote atalikuta linamsubiri.

Hivyo ndivyo nilivyokipata kiti cha pili. Hakuna aliyenipa, palikosekana mwingine wa kukikalia. Tulikwenda Bara kwa treni ya chini ya bahari, mkuu akisoma gazeti lake safari nzima.

Niliketi mezani nikiwa na ile suti ya kijivu. Kibao kilichokuwa mbele yetu kilikuwa na jina la nchi tu, wala si la mtu, maana ndivyo desturi yao. Mkuu wangu akafungua mazungumzo. Nilidhani nimeshasikia kila kitu kutoka kwa mtu yule.

"Kama mnavyokumbuka," akasema, "nchi yetu ilijipa C yenyewe, kwa uwazi, ili kuonyesha mfano."

Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilitazama kuzunguka meza nikitarajia mtu acheke. Hakuna. Walitikisa vichwa, tena wengine wakaandika. Ilikuwa imekwisha kuwa historia. Nchi ilijipa C, kwa uwazi, ili kuonyesha mfano! Na yule mama mwenye miwani minene, aliyeuliza kwa mdomo wake nikafasiri kwa mdomo wangu, naye alikuwa akitabasamu, maana siku ile yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji na hakutaka ugomvi.

Nililieleza sharti langu. Nilijibu kila swali. Hakuna aliyenikwamisha, na C ikafutwa ikawa A, A ya haki safari hii. Mkuu akanipigapiga begani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa tunaweza kustarehe.

Zamu ikawa ya wenyeji. Mama alisoma alama za nchi yake. Kwenye betri, zile zinazobeba mzigo kabla dizeli haijawaka, alisoma A pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimezisoma taratibu zao zote kwa Kifaransa chao, kwenye benchi la saluni Peckham, na sharti la betri sikuliona. Mwenyekiti akaanza kuzunguka. Hatuna swali. Hatuna swali, tunawashukuru wenyeji. Akatufikia.

"Hatuna swali," mkuu wangu akasema.

Nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka mbele yangu.

"Tunalo," nikasema, kwa Kifaransa, ili asije akasingizia hakuelewa. "Sharti la betri mmeliandika ukurasa gani, madamu?"

Tabasamu likamtoka. Alinitazama, si kwa chuki, bali kama mtu aliyekuwa amenihesabu upande wake. Akamwinamia mtaalamu wake, wakanong'onezana, wakapekua. Mkuu wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Inatosha," akaninong'oneza. "Wametupokea vizuri hawa."

"C," mama akasema kwenye mikrofoni, kwa sauti kavu. "Kwa maandishi, C."

Nikauvuta mguu wangu kutoka chini ya kiatu cha mkuu, nikaacha taa nyekundu ikiwaka, nikafungua karatasi za nchi iliyofuata.